Ukungu Huu Haupuliziwi Dawa

Kilosa, Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri na viatu vyangu bado vimelowa. Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika.

Leo nilikuwa Msowero, kwenye michungwa ya kijiji cha ujamaa ambayo kituo chetu cha utafiti kimenikabidhi. Chini ya majani kumejaa vidoa vya rangi ya chungwa. Ni ukungu, ndiyo. Lakini unaota juu ya wale inzi weupe wanaofyonza majani, na unawaua. Mwaka jana tulipulizia dawa ya ukungu mistari miwili ya mwisho, tuone. Ukungu ukafa, inzi wakazaliana, utomvu wanaoudondosha ukaota kuvu nyeusi mpaka majani yakawa meusi kama sufuria ya kuni, matunda yakapukutika. Mistari mingine yote inazaa.

Nilimweleza Bwana Shamba wa wilaya haya yote. Akasikia neno moja tu: ukungu. Kwake huo ni ugonjwa, na ugonjwa dawa yake ni pampu. Ameagiza shamba zima lipuliziwe kesho, kwa sababu wageni wa mkoa wanakuja na wanataka kuona majani safi.

Nikasema hapana, mbele ya wanakijiji wote waliokusanyika shambani. Nikasema huu ni ukungu mzuri.

Wakacheka! Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama na mchwa wazuri nimewaleta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini sikuondoka.

Mama Chilewa, ambaye amepalilia michungwa ile tangu ikiwa miche, hakucheka. Aligeuza jani la mstari mweusi, akageuza na la mstari wa jirani, akayatazama weee.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "huyu binti amekosea jina tu. Hivi vidoa ni mgambo wetu. Nani anawapulizia sumu mgambo wake?"

Kicheko kikaisha. Mwenyekiti akakuna kichwa, akasema kijiji hakitashika pampu. Bwana Shamba akanivuta pembeni: kesho atakuja na vibarua wake mwenyewe, na mimi nikizuia, nitahamishwa.

Naogopa? Naogopa sana. Kazi hii naipenda kuliko kitu chochote. Lakini nchi hii haikunisomesha ili nione kitu chini ya jani halafu ninyamaze.

Kesho napanda basi la kwanza kwenda Msowero. Nitasimama katikati ya michungwa. Akitaka kupulizia, aanze na mimi.