Mshauri wa Jumatano Saa Kumi

Dunga,
Kisumu.
14 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Achola,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti lako limepoa, na joto la Doha halikusumbui kama mwaka jana. Sisi tunapumua. Mama anakohoa kidogo, na omena zimekuwa haba ziwani. Nimeandika kwa kalamu na kumpa Wabwire, anayesafiri kuja huko wiki ijayo, kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri.

Uliuliza kaka yangu Oluoch anaendeleaje na yule mshauri uliyemtafutia mtandaoni, Bi. Nasambu. Haendelei. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Tangu ndugu yetu Dishon azame, ziwa likakataa kumtoa, na tukazika tunda la yago mahali pa mwili wake kama desturi inavyotaka, Oluoch amekuwa akinywa kuanzia asubuhi. Ulidhani akiongea na mtu asiyetujua atafunguka. Ulidhani vizuri.

Shida ni sisi. Jumatano ya kwanza, saa kumi jioni, Mama alichinja kuku. Cheka tu, lakini mgeni ni mgeni hata akija kwa simu. Baba mdogo Okello alivaa koti, akafungua kwa maombi. Simu tuliiegemeza kwenye chupa ya chai, sauti juu kabisa, tukaketi watu saba. Mshauri alipomuuliza Oluoch analalaje, Mama ndiye aliyejibu. Alipouliza Dishon alikuwa mtu wa namna gani, Baba mdogo alitoa hotuba ya matanga. Oluoch alikula kuku. Wiki nne zilikwenda hivyo.

Wiki ya tano Bi. Nasambu aliomba aachwe naye peke yake. Mama alinuna, lakini tulitoka. Siku hiyo Oluoch alikuwa amenyoa ndevu, na tangu asubuhi hakuwa ameonja pombe. Nilifurahi mno. Nilitamani kusikia sauti yake ya zamani, basi nikarudi kwa mlango wa jikoni, nikajibanza nyuma ya pazia.

Nikamsikia akisema, "Zamu ya kuvua ilikuwa yangu. Nilikuwa nimelewa, Dishon akaingia ziwani badala yangu."

Sikujua kwamba ninalia mpaka pazia lilipofunguliwa. Oluoch aliniangalia. Aliweka simu kwenye kiti, Bi. Nasambu akiwa bado anamwita kwa jina, akatoka.

Sasa analala Kondele, nyuma ya nyumba ya mama pima mmoja, muuza pombe. Nimemfuata mara tatu. Mara ya mwisho niliapa sitamwambia mtu, nikamwomba ajaribu tena. Alinijibu polepole, "Lorine, si wewe ulishasikia? Basi imeisha. Hakuna kitu ingine ya kuongea." Kikombe cha chai hawezi kukishika, mikono inamtetemeka. Macho yake yamekuwa ya manjano. Sioni kama atarudi, Shangazi, na wa kulaumiwa ni mimi. Hata kiapo chenyewe nimekivunja kwa kukuandikia haya.

Mama hajui lolote. Anaamini mshauri ndiye aliyemharibu mwanawe.

Jana saa kumi simu ililia tena. Bi. Nasambu aliuliza kama Oluoch yupo, nikasema hayupo. Kisha akauliza, "Na wewe, Lorine, uko vipi?" Tangu Dishon afe hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilitaka kumwambia yote. Lakini Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena, na mikono yake ilikuwa imesimama. Nilijibu kwamba sote tuko sawa, nikamshukuru, nikakata.

Baba mdogo Okello anakusalimu, na Mama anauliza utakuja lini. Salamu za Oluoch sina. Mungu akutunze huko uliko, na akipata nafasi atutazame na sisi.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye,

Lorine

Ukijibu, jibu kwa karatasi. Usipige simu. Hapa tunasikiliza sote.