Kilio cha Lamria

Lumban Hariara, Samosir
3 Februari 1997

Mjomba Sahala,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua imezidi lakini mpunga umesimama. Natumaini kifua chako kimetulia, na mkaza mjomba ni mzima.

Kuna mlio ambao haujanitoka tangu nikiwa na miaka sita. Bibi alikuwa amefariki, amelazwa sebuleni na mama amemwinamia. Wanawake wote walikuwa wamenyamaza wakimsubiri aanze kumlilia. Mama akavuta pumzi. Kabla sauti haijatoka, nikasikia *tak* chini ya koti lako. Kilikuwa kitufe cha redio kaseti. Mpaka leo, nikimwona mtu anavuta pumzi ili aseme jambo la moyoni, nausikia mlio ule kwanza.

Jana mchungaji aliniita baada ya ibada, uso umemnawiri kama mshenga. Alisema umempigia simu ukiuliza kama kanda ile bado ipo. Nikamuuliza kama uliuliza pia tumemzika wapi mama. Akakohoa, akaanza kupanga vitabu vya nyimbo ambavyo vilikwisha kupangwa.

Mama alifariki Oktoba, na wewe unajua. Tulimweka ndani tukikusubiri mpaka wazee wakasema basi. Ni kaka anayemfunika dada yake ulos, nguo ya kufumwa ya safari ya mwisho. Hata wewe uliyekaa Jakarta miaka yote hii huwezi kuwa umesahau. Walimvuta Jannes, mtoto wa binamu yako, kutoka kwenye meza ya kamari. Alimfunika mama kwa nguo ya kuazima, huku anaangalia saa. Fungu lako la nyama ya msiba lilikaa juu ya jani la mgomba, hakuna aliyethubutu kuligusa, mpaka mbwa wakathubutu.

Kanda ipo. Niambie unaitakia nini.

Mpwa wako,
Rumondang


Jakarta
14 Februari 1997

Mpwa wangu Rumondang,

Marahaba, mwanangu. Kifua kinakohoa kwa mdundo siku hizi, nafikiria kukipeleka studio. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nimemwambia mwalimu wa historia huolewa na marehemu. Usikasirike, nakutania.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Unaandika kama mama yako alivyokuwa akikata vitunguu: haraka, na wengine ndio wanaotokwa machozi.

Kuhusu Oktoba, nilikuwa Surabaya, nimefungwa na mkataba, na uwanja mzima umejaa watu. Dada yangu Lamria angenielewa. Siku zote alinielewa.

Sasa sikiliza. Kampuni inatoa albamu ya kazi zangu za miaka thelathini. Nyimbo zote kubwa zimo, tangu ile ya kwanza niliyoipiga kwa gitaa la nyuzi nne hadi hizi za uzeeni. Na wimbo gani ulinifanya niwe Sahala? Ni "Kilio cha Lamria". Safari hii nataka albamu ifunguliwe na sauti yake tupu, bila gitaa wala ngoma, kama nilivyoinasa siku ile. Utepe wa studio uliharibiwa na mafuriko. Imebaki kanda niliyomwachia yeye. Hakuna nyingine popote.

Jina lake litaandikwa kwenye jalada. Wajukuu zako watamsikia. Kuna heshima gani kubwa kuliko hiyo?

Nitumie, mwanangu. Mimi ndiye mjomba wako wa pekee, na unajua wazee husemaje juu ya mpwa anayemnyima mjomba: shamba lake hukauka, na tumbo lake pia.

Mjomba wako akupendaye,
Sahala


Lumban Hariara
2 Machi 1997

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba una nguvu za kutania. Mimi ni mzima wa mwili.

Umeniuliza heshima. Ngoja nikueleze ile uliyokwisha kumpa.

Wimbo wako ulipoanza kupigwa redioni, wanaume wa kilabuni pale njia panda walijifunza kulia kama mama. Si maneno tu, hata ile kwikwi yake. Parulian, yule mwenye jino la dhahabu, alikuwa akimwona mama anapita na kikapu, anaweka chini bilauri ya tembo, anatoa kwikwi. Wenzake wanapokea kwa kiitikio. Mama alibadilisha njia ya kwenda sokoni. Njia mpya ilizunguka kilima kizima, na mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba samaki.

Wanawake wa ukoo walikuwa wabaya zaidi kwa sababu hawakucheka. Kilio hulilia maiti mmoja, mara moja, mbele ya mwili wake. Cha mama kilikuwa kinalia kila jioni kwenye mabasi, na bibi alikwisha kuoza. Wakasema kinaita vifo. Mwenye nyumba akifiwa, hawakumtuma tena mtu kumwita mama akae karibu na maiti, yeye aliyekuwa wa kwanza kuitwa.

Kisha baba akafa. Mama alikaa kichwani pake na hakutoa sauti. Nilimshika bega, nikamnong'oneza, "Mama, mlilie, watu wanatazama." Akaniambia, "Nikifungua mdomo, watasikia redio." Ndivyo baba alivyozikwa, kimya, kama mgeni aliyefia njiani. Mpaka leo kuna wanaosema hakumpenda.

Nimeisikiliza kanda, Mjomba, yote. Wewe ulitumia mwanzo wake, pale anapoisifia mikono ya bibi. Hukutumia pale anapokugeukia wewe. Anasema mama yetu aliita jina lako mpaka ulimi ukakauka, na mwanawe wa kiume akaja masikio yalipokwisha kuziba, tena akaja na mashine. Ulikuwa umekaa pale pale. Ulisikia kila neno, na ukajua mahali pa kukata.

Redio ya Siantar ina kipindi cha Jumapili baada ya ibada, kinasikika ziwa lote. Mtangazaji nilisoma naye Medan. Ataipiga yote kwa furaha.

Au uje. Njoo kabla ya Pasaka na ulos mkononi. Simama kaburini, umwambie mbele ya wanawake wale ulichomfanyia. Kisha tule pamoja, na kanda utaondoka nayo mfukoni. Nimekupikia samaki wa manjano tangu nikiwa mtoto. Naweza kupika tena mara moja.

Rumondang


Jakarta
21 Aprili 1997

Rumondang mwanangu,

Hujambo? Samahani kwa kuchelewa. Pasaka ilinikuta kwenye mazoezi, halafu mahojiano, halafu kifua. Daktari hataki nipande ndege. Kaburi halihami, nitakuja mwaka huu ukiisha. Wafu hawana haraka. Wenye haraka ni watu wa kampuni.

Nimekuwekea jalada humu ndani. Umwone mama yako. Ni picha ya siku ile ya msiba, niliipiga mwenyewe. Mdomo wazi, macho yamefumba. Mpiga chapa alipoiona aliwaita wenzake waje kuitazama.

Kuhusu redio yako ya Siantar: ipeleke. Lakini wewe ni msomi, fikiri. Utawapa watu wa kilabuni kilio kizima badala ya nusu. Parulian atajifunza na sehemu iliyobaki. Utakuwa umefanya kile kile nilichofanya mimi, ila wewe bila gitaa. Mimi nitaumia wiki moja. Wanaonijua watasema ni msanii, wasanii ndivyo walivyo.

Kwa hiyo tuache vita, sisi ni damu. Albamu inatoka mwezi Mei. Bwana Harsono wa studio atakuja kwa kivuko Jumatatu ya tarehe tano kuchukua kanda. Ni mtu mpole, mpe kahawa.

Na uniombee.

Mjomba wako,
Sahala


Lumban Hariara
5 Mei 1997

Mjomba Sahala,

Shikamoo. Bwana Harsono amekunywa kahawa mbili na anamsubiri mwenye kivuko. Ni mpole kweli. Barua hii naiandika haraka ili aibebe pamoja na kanda.

Kuhusu redio ulisema kweli. Niliisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipokosea, sikupaona. Nilikuwa tayari kumlaza mama kwenye meza ya kilabu kwa mara ya pili, ili wewe tu uone haya. Nilikuchukia zaidi kwa kunionyesha.

Jumamosi niliwaita wanawake wa ukoo, wale wale. Walikuja wakidhani ni maombi. Nilikuwa nimetandika mkeka sebuleni, mahali alipolazwa bibi, na juu yake nimelaza shati lako ulilosahau huku na jalada la albamu, limefunuliwa upande wenye picha yako. Nikakaa kichwani. Walipoelewa, bibi Hotmaida, mkubwa wao, alinishika mkono: "We mtoto, mjomba wako yu hai. Mtu haliliwi akiwa hai, utamuua au utajiua." Nikamwambia kwetu amekufa tangu Oktoba, ila hakuna aliyemlilia. Nikaanza. Na unajua desturi: mwanamke akishaanza kulia, hakuna mwenye ruhusa ya kumkatiza, hata mchungaji.

Nilikulilia kwa haki. Nilianza na sifa zako, kwa sababu unazo. Nilisema kwamba nyimbo zako ndizo zilizonifanya nipende maneno, na kwamba nikiwa chuoni niliziimba njiani peke yangu, nikiruka ule mmoja. Kisha nikakugeukia. Nikasema dada yako alizibwa mdomo kwa sauti yake mwenyewe, na mumewe alizikwa kimya. Nikaitaja nguo ya kuazima, na Jannes na saa yake. Nikasema wafu hawana haraka, kwa maneno yako hayo hayo. Hapo bibi Hotmaida alikaa chini, akajifunika kichwa, akapokea. Wengine wakamfuata. Walikuwa wanamlilia Lamria pia, mwishowe, na walijua.

Usiitafute baraka yangu tena, nami sitaitafuta yako. Shamba likikauka, na likauke.

Uliniomba kanda, na sikukunyima. Ni ile ile, ina mwandiko wako kwenye lebo. Nililia pande zote mbili mpaka utepe ukaisha. Hakuna nakala nyingine, ulisema mwenyewe, na hata mimi sikujiwekea. Nilianza kurekodi juu ya sauti ya mama kabla sijatamka neno la kwanza.

Rumondang, binti Lamria