Bibi wa Sosúa Hataki Kuitwa Mkimbizi

Mpendwa mshauri, nisaidie maana nimeharibu na sijui pa kuanzia. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Santiago, Jamhuri ya Dominika, nilipata ufadhili wa utafiti kuandika habari za Wayahudi waliozungumza Kijerumani waliowakimbia Wanazi wakaja mji wetu wa pwani wa Sosúa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nikapelekwa kwa bibi mmoja, Doña Hertha, aliyeletwa na baba yake akiwa mtoto mdogo, na bibi huyu alinipokea vizuri, kahawa na jibini kila nikienda, lakini nikimuuliza ya Vienna walikotoka na ya meli iliyowaleta, yeye ananiletea ya ng'ombe, ya marehemu mumewe, ya mafuriko, mpaka siku moja akaniambia, "Wewe mtoto, kila siku meli, meli! Mimi nimezaa hapa, nimezika hapa, huyaoni hayo?" nami nikacheka tu kwa sababu profesa wangu alishaniambia wafadhili wanataka uchungu wa uhamishoni, basi wiki iliyopita nikampelekea picha kubwa ya mtaa wa Vienna walikofukuzwa, nikawasha kinasa sauti, nikasubiri alie. Hakulia. Aliitazama, akanyanyuka, akaingia jikoni na kufunga mlango. Binti yake Mireya akanitoa: "Chukua mashine yako, dada, na usirudi." Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi, na profesa anasema nijaze mwenyewe yaliyobaki, eti "wote walisikia uchungu uleule." Nifanyeje?

Yokasta, Santiago

Yokasta mwanangu, pole, lakini acha nikuseme kwanza. Umemtegea mama wa watu mtego sebuleni kwake, na kahawa yake umekunywa! Angefanyiwa mama yako ungesemaje? Najua unaogopa kupoteza ufadhili, na kwa mshahara wa mwalimu nafasi kama hiyo haiji kila mwaka. Hata hivyo, anachokuambia profesa ni kutunga uongo, na jina litakaloandikwa juu yake ni lako.

Sasa sikiliza. Jumamosi nenda Sosúa bila mashine. Anza na Mireya. Mwombe radhi bila kujitetea. Ukiruhusiwa, kaa umsikilize bibi na ng'ombe wake. Hujaona kwamba amekuwa akikujibu muda wote? Mtu kafukuzwa kwao akiwa mtoto, akajifanyia kwao mahali pengine: hiyo nayo ni historia, tena haipatikani kirahisi. Wafadhili waandikie leo, wewe mwenyewe, uwaambie utafiti umegeuka na kwa nini. Huenda wakafurahi; wasipofurahi, utarudi darasani ukiwa na uso wa kuwatazama wanafunzi wako. Bibi akikubali kusema, andika anachokupa. Akikataa, andika kwamba alikataa, wala usimwongezee chozi hata moja.