Sanda ya bibi

Nadra, nipo sokoni Darajani.

Bibi kafariki alfajiri. Nimetumwa sanda. Nkampigia yule bwana wa duka la vitambaa tunalonunua siku zote, kanitajia kitambaa cheupe elfu tatu kwa mita. Nimefika, kaniona macho yamevimba, anasema elfu sita!

Nkamwambia, "Si umenambia tatu sasa hivi?"

"Hukusema ni ya maiti. Nenda kwengine, kama maiti wako atakungoja."

Kama maiti wangu ataningoja! Mbele za watu, Nadra!

Nimelipa. Ningefanyaje, na waoshaji washafika nyumbani?

Ananikabidhi mfuko ananambia, "Poleni sana." Nami nkamjibu ahsante. Nimemwambia ahsante, Nadra.