Zege la Mkwe Wangu Huko Nyakato

Dada Leokadia, shikamoo. Mgongo umekuachia walau uweze kukaa kanisani kwenye misa? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila jana nilitoka jasho.

Mkwe wangu Masanja ndiye aliyepiga hesabu za barabara ya zege ya kiwanda kipya cha samaki hapa Nyakato. Jana lori la kwanza la sangara lilikuwa lipite, na zege likipasuka, kibarua chake kimeota nyasi. Unajua kwa mila zetu mimi na mkwe hatusemezani ana kwa ana wala kugusana, basi binti yangu Neema akasimama katikati.

"Muulize mumeo, litahimili?"

"Mwambie mama, nimepima vizuri, lakini katika mabamba mia ya zege, machache huweza kupasuka."

"Muulize, na bamba hili mbele yetu ni mojawapo?"

"Mwambie mama, hesabu haisemi ni lipi."

"Jamani, si mnasikiana wenyewe!" Neema akalalamika.

Nikaona hesabu ilipoishia ndipo pangu pa kuanzia. Nikasali. Lori likanguruma, likapita, maji ya barafu yakichuruzika nyuma. Masanja akapiga magoti, akapapasa zege ukingo hadi ukingo.

"Hakuna ufa!" akapiga kelele.

Dada, nilishtukia nimemkumbatia mkwe wangu mbele ya vibarua wote! Sasa yeye anapitia mlango wa uani, nami nafunika uso kwa kanga, na bado nina wiki nzima ya kukaa kwao. Tuombee aibu itutoke. Mungu akulinde, na tafadhali unijibu upesi.

Mdogo wako,
Bertha