Jirani Anataka Ufunguo

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti la mama limepungua uvimbe, na wanao hawajakumaliza nguvu. Sisi huku afya tunayo. Chiriku anakua. Meno mawili ya mbele yameng'oka lakini kuongea hajaacha. Sasa maneno yanamtoka na upepo, na asiyemzoea humwuliza mara mbili. Anakusalimu sana. Amesema nikuambie anajua kufunga kamba za viatu, jambo ambalo si kweli.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tangu uondoke bweni hatujawahi kuandikiana kwa kalamu. Mama aliyekuletea bahasha hii ni muuguzi wa chanjo katika kliniki ya mtaani kwetu, anakuja huko kwao kwa likizo. Mwamini, mpe maji, mshukuru. Ninaandika nikiwa kwenye benchi la kliniki hiyo hiyo, chini ya feni inayolia kama bawaba kavu, Chiriku amelala mapajani pangu akijifanya anaumwa sikio. Mimi ndiye niliyemfundisha kujifanya. Nakuomba sana usinijibu kwa simu wala kwa ujumbe. Sababu utaiona.

Unakumbuka ile kazi yangu ya kompyuta isiyo na mshahara, ambayo uliniuliza kama ni ibada au wazimu. Sijawahi kukueleza vizuri, na wewe umekuwa ukiwaambia watu kwamba natengeneza televisheni. Ni programu ya kupimia dawa za watoto. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, programu inamwambia kiasi cha kumpa. Inatumika bure katika hospitali ndogo za nchi nyingi. Yeyote anaweza kuisoma ilivyoandikwa na kupendekeza marekebisho, ila wanaoruhusiwa kuyaingiza ni wachache, na sote ni watu wa kujitolea. Aliyeianzisha ni mfamasia mmoja aliyejifunza kompyuta ukubwani, na sisi humwita hivyo hivyo, Mfamasia. Ni mkali, hasifii mtu, na kwa miaka yote hiyo hajaruhusu kosa hata moja lipite. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, hakizidi kidole gumba. Toleo jipya la programu likitoka hupigwa mhuri kwa ufunguo huo, na hospitali hazipokei kitu kisicho na mhuri. Kwa hiyo aliye na ufunguo ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila sindano.

Mwaka jana alijiunga mtu anayejiita Jirani. Kwetu si ajabu. Wengi hatujawahi kuonana na hutumia majina ya kubuni. Jirani alikuwa mtu wa watu. Alijibu maswali ya wageni kwa upole, alisahihisha makosa madogo madogo ambayo sisi tulikuwa tumeyachoka, alishukuru kwa kila jambo. Hata Mfamasia alimwambia kazi yake si mbaya, na kwa Mfamasia hiyo ni sawa na kumkumbatia mtu.

Kisha zikaanza sauti. Watu tusiowajua walijitokeza kwenye ukumbi wetu wa mtandaoni, leo huyu, kesho yule, wote wakilalamika kwamba Mfamasia ni mzito, anakalia mapendekezo, anajifanya mfalme. Malalamiko mengine yalikuwa na ukweli, ndiyo maana yaliingia. Tukaunda kamati ya watu watano ili mzigo usiwe wa mtu mmoja: Mfamasia mwenyewe, mwalimu mmoja wa hesabu, daktari mstaafu, mhandisi wa maji, na mimi. Sauti hazikutulia. Sasa zilidai Mfamasia amkabidhi Jirani ufunguo. Jirani mwenyewe hakudai kitu. Alisema hataki makuu, ila watu wakimtwika mzigo ataubeba.

Wakati huo huo alileta pendekezo moja kubwa. Alitaka vipimo vya dawa visikae tena ndani ya programu, bali programu ivichukue kila mara kutoka kompyuta moja iliyo mbali, ili vikibadilika visasishwe upesi. Ukilisikia unaona ni jambo la maana. Nililisoma mara ya kwanza nikaona sawa. Nikalisoma tena, nikaiona hatari. Dada, atakayeishika kompyuta hiyo anaweza kugeuza namba akiwa amekaa kwake, na muuguzi aliye kijijini asijue. Anaweza pia kufunga bomba siku yoyote, halafu akasema anayetaka maji apige magoti. Niliandika pingamizi langu. Kesho yake sauti zikanigeukia mimi. Mmoja aliandika kwamba mtoto wangu anasoma shule nzuri, ya ukuta wa bluu, na ingefaa nishughulike naye zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kiasi cha kutosikia ladha ya chakula. Ukuta wa shule ya Chiriku ulipakwa rangi hiyo ya bluu mwezi ule ule. Nilianza kumpeleka na kumrudisha mwenyewe, nikawa nageuka kila tukipita dukani. Nilidhani tunafuatwa na mtu wa barabarani.

Kisha Mfamasia alinipigia simu nikiwa jikoni. Hakuwa na kawaida ya kupiga. Aliniambia mkewe figo zimefeli, anampeleka kusafishwa damu, na akaniomba nifanye kama sijayasikia. Nililia kidogo. Sikumwambia mtu yeyote kwenye kamati. Baada ya muda mfupi sauti mojawapo ikaandika mbele ya watu wote kwamba mwenye mgonjwa nyumbani apumzike, awaachie wenye nafasi. Siku kadhaa baadaye Mfamasia aliniandikia mimi peke yangu, maneno mawili: "Hata wewe?"

Nilizunguka nyumba kama kuku aliyekatwa kichwa. Niliamini simu yangu inasikilizwa, au kompyuta. Niliikagua kila kona kwa namna ninayoijua, sikuona kitu. Nikakaa nikajiuliza habari ile ya figo nilimwambia nani kwa mdomo wangu. Jibu lilikuwa moja tu, na nililikataa. Nilijiambia nimechoka, nimeanza kuona mapepo.

Lakini wasiwasi haukuondoka, ikabidi niupime. Jumapili moja mchana nilikuwa juu ya paa naanika nguo, simu zote nimeziacha chini, na aliyekuwa ananishikia vibanio ni mmoja tu. Nikamwambia, kama mtu anayelalamika tu, kwamba Mfamasia ameamua kumpa Mwalimu ufunguo kimyakimya. Ulikuwa uongo, nimeutunga pale pale kati ya shuka na shuka. Akasema pole, akanipa kibanio. Kabla nguo hazijakauka Jirani alikuwa ameandika ukurasa mzima kumshambulia Mwalimu, kwamba amesikia kutoka kwa watu wa kuaminika kuna mpango wa kupeana ufunguo mafichoni.

Dada, kaa chini kama umesimama. Aliyekuwa ananishikia vibanio ni shemeji yako. Jirani ni mume wangu. Na zile sauti, ninaamini nyingi kama si zote, ni yeye, akiandika kwenye meza ile ile tunayolia chakula, mimi nikiwa naosha vyombo na kudhani anatafuta kazi.

Najua unavyompenda. Najua alivyomshughulikia baba hospitalini wakati sisi tumeshikwa na bumbuwazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu, herufi kwa herufi, kabla hata hajaniposa. Anamsuka Chiriku nywele vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana nilikaa na jambo hili bila kumwambia mtu. Nilikuwa nikimtazama akisuka, nikitafuta kwenye mikono ile mahali Jirani anapokaa.

Nadhani najua lilipoanzia. Miaka mingi nyuma, kabla sijajiunga mimi, alimpelekea Mfamasia kazi yake ya kwanza, na Mfamasia akamjibu hadharani: "Mtu asiyehakiki kazi yake asiguse dawa ya mtoto." Alinisimulia akicheka. Hakuwa anacheka. Tangu kampuni ya simu ilipompunguza kazini, kidonda hicho ndicho kilichobaki kumpa shughuli. Lakini sasa si kidonda tu. Nimemsikia bafuni akizungumza na mtu kwa sauti ya chini, akimhakikishia kwamba ufunguo utapatikana, avumilie. Humwita bosi. Sijui ni nani, na hilo ndilo linalonikausha mate.

Siku ya kura ilipofika, Mfamasia na Mwalimu walikataa Jirani apewe ufunguo. Daktari na mhandisi walikubali, si kwa ubaya, walichoshwa na kelele. Ikabaki kura yangu. Asubuhi hiyo alinipikia chai, akakaa karibu nami, akaniambia kwa upole wake wote kwamba nimekonda, kwamba nimeibeba programu hii mno, niwaachie wengine. Nikamwambia ni kweli. Nikatoka, nikaenda maktaba, nikapiga kura ya kukataa kwa kompyuta ya watu.

Niliporudi alikuwa anamtazama Chiriku akichora. Hakuinua uso. Aliniuliza siku ilikuwaje, nikasema nzuri.

Ningekuwa nimepumzika kama mambo yangeishia hapo. Lakini Mfamasia, ambaye hakuwa tena na nguvu za kubeba mgonjwa na ugomvi kwa pamoja, aliniomba radhi kwa yale maneno mawili, kisha akanitumia ufunguo nimtunzie. Ulifika ndani ya kopo la maziwa ya unga, kupitia kliniki hii. Nikafanya ujinga mmoja: nilimwandikia kwa kompyuta ya nyumbani kwamba mzigo umefika. Jioni hiyo shemeji yako alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza, bila kuacha kumenya, kama mtu anayeulizia chumvi:

"Ufunguo umeuweka wapi?"

Sikuwa nimemwambia kwamba ufunguo umeletwa kwangu. Nikamwuliza ufunguo gani, wa kabati? Akatabasamu, akasema ndiyo, wa kabati. Nikampa wa kabati. Akaupokea na kuutia mfukoni, na viazi tukavila. Sasa sote wawili tunajua, na kila mmoja anajua mwenzake anajua, na tunaulizana kama chai ina sukari.

Hajanipiga, wala hajainua sauti. Lakini tangu siku hiyo nikirudi nakuta nguo zangu kabatini zimekunjwa vizuri kuliko nilivyoziacha. Godoro limegeuzwa. Mdoli wa Chiriku ameshonwa mgongoni kwa uzi wa rangi nyingine. Juzi alisema anataka kumpeleka mtoto kwa marafiki zake akae siku chache, nipumzike. Nilicheka nikasema ana sikio linauma. Ndipo tulipoanza kuja kliniki.

Ufunguo uko mwilini mwangu, kwenye pindo la shumizi. Nikioga nauning'iniza mbele ya macho yangu. Nimezungumza na Mwalimu kwa simu ya muuguzi. Tumekubaliana na Mfamasia kwamba kuanzia sasa asiwepo mtu mmoja mwenye neno la mwisho, hata awe malaika; watu watatu kati ya watano wapige mhuri kwa pamoja, kila mmoja na ufunguo wake, la sivyo hakitoki kitu. Tangazo limeshaandikwa. Ndani yake nimesema Jirani ni nani, na nimetia jina langu. Likitoka, ufunguo huu wa zamani utakufa, na hautamfaa yeye wala bosi wake. Mwalimu alitaka kulitoa leo. Nikamwomba asilitoe mpaka asikie sauti yangu ikitoka nyumbani kwako, kwa sababu likitoka nikiwa bado ndani ya nyumba ile, sijui atakuwa nani mbele yangu. Nimeolewa naye miaka tisa na sijui.

Kwa hiyo tunakuja Jumamosi, mimi na Chiriku, na mkoba mmoja wa nguo za mtoto kana kwamba tunarudi kliniki. Usimwambie mama mpaka nifike, nitamwambia mimi. Chiriku anajua tunakuja kuona goti la bibi. Usimwulize kuhusu baba yake mbele ya watu. Anampenda, na ana haki.

Na ile simu mpya aliyokuletea shemeji yako wakati wa matanga ya baba, akakuwashia mwenyewe na kukuwekea neno la siri, izime leo uifungie ndani ya sufuria. Ikiwa umeshasema lolote kwa simu hiyo kuhusu sisi, mwambie muuguzi kabla hajaondoka hapo kwako, atanifikishia kupitia kliniki.

Nisalimie mama, nisalimie watoto wote, na huyo mdogo mpe busu la shingoni analolikimbia. Uniombee, dada, si kwa sauti kubwa.

Jumamosi mchana ukisikia hodi, uliza kwanza ni nani. Ikiwa ni sauti ya mwanamume, hata kama ni ile unayoipenda, hata kama anakuambia mimi niko naye hapo mlangoni, usifungue mpaka umsikie Chiriku akiongea.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba