Mstari Niliouongeza Chini ya Migomba

Pasiansi, Mwanza

Bibi yangu Bernadetta, shikamoo.

Ndoa tamu, Bibi! Cleophace ananiita malkia hata mbele ya wateja wa duka letu la uchapaji.

Sasa sikia. Mzee mmoja wa Uganda, rubani wa zamani wa ndege za mabomu, alituletea historia ya kikosi chake tuichape. Kaandika: "Kule Bukoba, mabomu yetu yaliangukia migomba tu." Hasira zilinipanda. Nikaongeza mstari mmoja, na Cleophace wangu akauchapa bila kusita. Nilimpenda upya!

Jumamosi, kwenye uzinduzi wa kitabu chake, akiwa ameshatia sahihi nakala zote, mzee aliwasomea wageni ukurasa huo kwa sauti: "Kwenye migomba hiyo tulimuua Jovinary, akikata majani ya kufunikia ndizi za harusi ya dada yake."

Akainua macho. "Nani kaandika hivi?"

Nikasimama. "Mimi, mjukuu wa huyo dada. Endelea kusoma, mzee."

Akafunga kitabu, wajukuu zake wakimtazama.

Kwenye harusi yangu ulikataa kucheza, Bibi, kwa kumkumbuka kaka yako. Sasa njoo Mwanza tucheze.

Mjukuu wako mwenye raha,
Angela